Mwaliko wa Dukani

Pangani, 14 Januari 2024

Kaka yangu Shamsudin,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Huku tu wazima sote, anayelalamika ni goti langu la kushoto peke yake. Mwanangu Abuu anakusalimu. Biashara yake ya mashine za boti inakwenda vizuri, alhamdulillahi, na wanawe wanarefuka kila nikigeuka. Mkewe Wahida naye anakusalimu. Amebadilisha makochi na mapazia, na sebule yetu sasa inafanana na zile za kwenye televisheni. Mtu unakaa kwa tahadhari.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu ninayo, lakini Wahida ananiwekea sauti ya juu ili nisikie vizuri, basi nasikia mimi, anasikia yeye, na wanasikia mafundi wa rangi. Na wewe simu kwako ni chombo cha kutangazia misiba. Ikilia tu unaanza inna lillahi. Kwa hiyo nimemkabidhi barua Mikdad, konda wa basi la Dar, akifika Msata ataipa gari la Bagamoyo.

Sasa neno lenyewe. Mwanabaraka, jirani yako, yule nesi mstaafu, aliniambia kwamba wazee wa mjini wameunda chama chao, Umoja wa Wazee Faraja. Wanakutana kwake kila Jumamosi, wanakunywa chai, wanatembeleana wakiugua, wanazikana. Anasema wewe uliambiwa na hukwenda. Kaka, tangu Esha afariki unaishi peke yako katika nyumba ile yote ya baba. Unapika peke yako, unakula peke yako, unafunga mlango kwa komeo kabla ya isha. Nakuambia wazi kwa sababu barua haioni aibu: naogopa utaanguka humo ndani na hakuna atakayejua. Jiunge na hicho chama.

Mdogo wako,
Biubwa


Bagamoyo, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Biubwa,

Marahaba. Wa alaykum salaam. Barua yako imefika ikinuka vitunguu, kwa hiyo najua Mikdad alisafiri nayo wapi. Mimi sijambo. Paka wa marehemu Esha yupo, anakula vizuri kuliko mimi. Nimeanza kupika wali, na sasa umekaribia kuwa wali.

Kuhusu chama. Kwanza, mimi si mzee, nimestaafu tu. Pili, sikualikwa.

Nisikilize kabla hujacheka. Nilikwenda dukani kwa Fakhruddin kununua misumari ya banda la kuku. Fakhruddin ndiye mwenyekiti wao, ingawa sijui nani alimpigia kura. Akiwa anapima misumari, kichwa kimeinama kwenye mizani, akasema: "Shamsu bhai, Jumamosi baada ya laasiri tuko kwa Mwanabaraka, chama cha wazee, njoo na wewe. Misumari inchi tatu au nne?" Nikamjibu inchi nne. Lile la kwanza sikulijibu, kwa sababu halikuulizwa.

Biubwa, sisi tumelelewa wapi? Mama yetu alipokuwa na hitima alituma mtu mlangoni kwa watu. Yule mtu alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi, akauliza hali za nyumba nzima mpaka mbuzi, ndipo akasema, "Nimetumwa kwenu." Huko ndiko kualika. Mtu unayemwambia dukani au njiani umempa habari tu kwamba shughuli ipo. Mimi miaka yote ile nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na hata mwizi wa kuku nilimpelekea samansi yenye muhuri hadi kwao. Mwizi wa kuku aitwe kwa muhuri, mimi nialikwe juu ya misumari?

Tena hata wakinialika sitakwenda. Nimewaona wanavyotoka pale, mazungumzo yao ni magoti na sukari. Chai ninayo nyumbani.

Kaka yako,
Shamsudin


Pangani, 25 Februari 2024

Kaka Shamsudin,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mjukuu wangu mdogo ameng'oka jino na analitangaza mtaa mzima. Mimi nimehamia chumba cha nyuma. Kina upepo mzuri, na sisumbuliwi na televisheni.

Nilicheka, kaka, nisikufiche. Nilicheka mpaka Wahida akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia ni goti. Hebu niambie, huyo Fakhruddin angekuja mlangoni kwako akae kwenye kiti chako kilichovunjika mguu, wewe ungekubali? Ungemtafutia kosa lingine. Ungesema kanzu yake haikupigwa pasi.

Mimi na wewe tunajua kwamba hukatai kwa ajili ya misumari. Unaona ukiketi na wazee utakuwa umekubali kwamba Esha hayupo na wewe ndiye uliyebaki. Na mimi nimebaki vilevile, mume wangu yuko kaburini mwaka wa tano huu. Haiponyeki kwa kufunga mlango. Ramadhani inakuja. Nenda ukafuturu na watu, kwani futari ya peke yako inachosha hata kuitazama.

Mwombee dua Abuu, anakwenda sana Tanga siku hizi na akirudi amechoka, haongei.

Mdogo wako,
Biubwa


Bagamoyo, 20 Aprili 2024

Mdogo wangu Biubwa,

Marahaba, na Idd mubarak ingawa imechacha. Nilikuwa nimeazimia kutokujibu ile barua yako, hasa pale ulipomtaja Esha. Halafu nikaona ukimya nao ni jibu, tena ni la kukubali ulichosema. Basi naandika.

Nimekwenda. Usishangilie, sikujiunga. Nilikuwa napita tu. Jumamosi moja kabla ya mfungo nilikuwa napita mbele ya nyumba ya Mwanabaraka, kwa bahati nilikuwa nimevaa kanzu mpya na kofia, nao walikuwa barazani. Wakasema karibu. Huwezi kumpita mtu aliyesema karibu, hiyo si adabu. Nikaketi kidogo. Tangu hapo nimekuwa nikipita kila Jumamosi, na katika Ramadhani nilipita kila magharibi.

Nakuambia, dada, hakuna cheo kitamu katika chama kama kutokuwa mwanachama. Mimi ni mgeni. Mgeni hupewa kikombe cha kwanza, hutandikiwa mkeka usio na tundu, na sinia likija kichwa cha samaki kinanielekea mimi. Wanachama ndio wanaofagia, ndio wanaoosha vyombo, ndio wanaopangiwa zamu ya kwenda kumwogesha mzee wa watu aliyepooza kule nyuma ya soko. Mimi naulizwa, "Mgeni wetu umeshiba?"

Nimewasaidia kwa mawazo. Mikutano yao haina mpangilio hata kidogo. Wanaanza na mengineyo.

Hakuna aliyeniambia jiunge. Nangoja, maana nikiulizwa kwa njia inayofaa nitafikiria. Wiki iliyopita Mwanabaraka alikuja akaweka mbuzi ya nazi mbele yangu, na nazi mbili zimevunjwa, akasimama hapo akinitazama. Nikaisifu. Nikamwambia mbuzi nzuri sana hii, meno yake makali, ilitengenezwa wapi? Akaondoka nayo. Sijui alitaka nini.

Sasa na mimi nikuulize. Idd hukuandika mlisherehekeaje, na wewe huwa huachi kuniandikia hata idadi ya mikate ya kumimina. Na hicho chumba cha nyuma ninakijua, nililala humo siku ya harusi ya Abuu pamoja na mashine mbili za boti na mapipa ya mafuta. Upepo unaingilia wapi?

Kaka yako,
Shamsudin


Pangani, 2 Juni 2024

Kaka Shamsudin,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Msata mwezi mzima kwa sababu ya mvua. Mikdad anasema muuza chai wa pale aliitumia kuzuia mlango usijigonge. Tuko salama, paa halikuvuja sana.

Kaka, msomi wa mahakama wewe, hujui maana ya mbuzi ya nazi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekula siku mbili hizo toka kabla ya Ramadhani. Mwanabaraka ni mtu wa heshima, hawezi kukwambia kwa mdomo, basi amekuletea jembe lenyewe, nawe ukalisifia meno. Nimeona aibu mimi niliye huku.

Waombe. Sema tu, "Jamani, nami nihesabuni." Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Idd ilikuwa njema. Wahida alikuwa na wageni wake wengi kutoka Dar, ndugu zake, na sebule ilijaa, kwa hiyo mimi nilikula mapema. Huku Pangani nako wazee wana chama, wanakutana Jumamosi kama nyie. Nilimwambia Wahida, akasema ni jambo zuri sana mama, lakini Jumamosi nani atabaki na nyumba na watoto? Ni kweli, nani atabaki.

Nina usingizi, nitaishia hapa.

Biubwa


Bagamoyo, 11 Julai 2024

Mdogo wangu Biubwa,

Marahaba. Mimi ni mzima, naanza na hilo ili usome mengine bila kushika kifua.

Uliniambia niiname. Nilitaka nikujibu kwamba kwa umri huu nikiinama nani ataniinua? Nilikuwa nimelipanga neno hili kwa furaha kubwa, nimwambie Mikdad akufikishie haraka. Kabla sijaandika, Jumamosi moja asubuhi nikateleza chooni. Mguu ulikwenda huku, mimi nikaenda kule, nyonga ikagonga sakafu. Sikuweza kusimama. Simu ilikuwa sebuleni inalia, nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani kuipokea. Paka wa Esha alikuja akanitazama, akaenda zake.

Nililala pale mpaka laasiri ikaadhiniwa. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nyumba ya baba kuta zake nene, wazee wetu walijenga wasisikiwe. Nikawaza, ndivyo alivyosema Biubwa. Nililia, dada. Nakuandikia kwa sababu umesema barua haioni aibu.

Kule kwa Mwanabaraka kikombe cha mgeni kilimiminwa, kikapoa. Wakanipigia, kimya. Mwanabaraka akasema, yule bwana hajawahi kukosa chai ya bure, amepatwa na jambo. Wakaja wote, pamoja na wale wa magoti. Wakabisha hodi, wakapiga mlango, hatimaye Fakhruddin akaleta nyundo kutoka dukani wakang'oa komeo. Wameingia nyumbani kwangu bila kualikwa, Biubwa, wamenikuta katika hali ambayo hata Esha hakuwahi kuniona. Mwanabaraka alinifunika kanga yake mwenyewe. Hospitali wakasema mfupa haukuvunjika, nipumzike. Wakanipangia zamu. Mgeni sasa anaogeshwa.

Siku ya tatu, akinikanda mguu, Mwanabaraka akaniuliza, "Shamsudin, mbona hutaki kuwa mwenzetu?" Nikamwambia, "Hamkunialika." Akaacha kukanda. Akasema, "Sisi tulikuwa tunakungoja wewe useme. Nani atabisha hodi nyumba ya mtu mzima amwambie njoo uwe mzee na sisi? Huo si mwaliko, hilo ni tusi." Basi wao wananingoja mimi kwa adabu, mimi nawangoja wao kwa adabu, na adabu yote hiyo ilikuwa karibu kunizika.

Kesho yake magharibi Fakhruddin alibisha hodi. Kofia yake ya dhahabu, kanzu imepigwa pasi, na wazee wawili nyuma yake. Akaketi kwenye kiti kibovu, akauliza hali yangu, ya kuku, ya paka. Akakohoa. Akasema, "Tumetumwa kwako." Nikageukia ukutani, wakadhani mguu unaniuma. Nimejiunga. Kazi niliyopewa ni kwenda kualika watu majumbani, kwa kuwa wanasema hakuna mtu mjini anayejua zaidi yangu namna ya kukasirikia mwaliko mbaya.

Sasa lililonifanya nisilale. Mwanabaraka aliniuliza kwa nini wewe hukuja kuniuguza. Nikamwambia huna habari, sijakuandikia. Akasema, "Siku za msiba wa Esha nilimwuliza Biubwa kwa nini asirudi kwao akae na kaka yake, wote wawili wamefiwa na nyumba ni kubwa. Akaniambia, Kaka hajanialika."

Nyumba ya baba yetu, Biubwa! Ulizaliwa chumba cha mbele, mimi nikasukumwa nje nikacheze. Mimi nilidhani mwenye nyumba haalikwi. Nilidhani umetosheka huko, una mwana, una wajukuu, una sebule ya televisheni. Kila mwezi nakusoma ukiniambia niende kwa watu, na sikujiuliza wewe unakwenda kwa nani.

Barua hii si mwaliko, usije ukasema kaka amenialika kupitia konda. Natoa habari tu. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba nakuja mwenyewe na fimbo yangu. Nakuja na Mwanabaraka na Fakhruddin, kwa gari lake. Tutapita njia ya Mkange, tutavuka na kivuko. Kama hutaki, niambie mapema, ili wenzangu nisiwapotezee siku.

Kaka yako,
Shamsudin


Pangani, 19 Julai 2024

Kaka Shamsudin,

Shikamoo, na pole, na pole tena. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya pipa la mafuta, maana kiti hakiingii. Upepo hauingilii popote, kaka. Ulijua ulipouliza, na mimi nilijua kwamba umejua, nikasema nina usingizi.

Nimekasirika. Umelala sakafuni kutwa nzima na mimi nikapata habari baada ya wiki, kwa mkono wa konda. Na nimekasirikia hilo lingine pia. Nilikaa kwako arobaini nzima ya Esha. Nilipika, nilipokea wageni, nilizikunja nguo zake moja moja nikazigawa. Siku ya kuondoka ulinibebea begi hadi stendi ukaniambia, "Nenda salama." Nilingoja mpaka basi linatoka. Nilikuwa dirishani, ningeshuka kwa neno moja.

Wahida usimchukie. Si mkorofi, hajanitukana hata siku moja. Ana nyumba yake na mimi nimo ndani yake, ndivyo ilivyo. Anawaambia wageni, "Huyu mama hana pa kwenda, tunakaa naye hivyohivyo." Anasema kwa huruma kabisa. Alisema Idd, mbele ya ndugu zake wote, nikiwa mlangoni nimeshika sahani. Abuu alikuwepo, akatazama simu yake. Mimi ni mwana wa nyumba ya mawe yenye vyumba saba na mlango wa nakshi, na nikaiweka sahani nikarudi chumbani, kwa sababu ni kweli hakuna aliyekuwa ameniita.

Ungeandika neno "njoo" tu, kaka, hata juu ya karatasi ya kufungia misumari, ningekuja na basi la kesho asubuhi. Nguo zangu nimezifunga tangu Idd, ziko chini ya kitanda.

Lakini hapana, sitapanda basi. Njooni. Mwambie Fakhruddin avae hiyo kofia ya dhahabu. Mwanabaraka avae kanga mpya, na wewe usiniletee ile kanzu ya kupitapita. Siku hiyo Wahida ana wageni tena, sebule itajaa, nami nitakuwa nyuma huku stoo. Ketini kwenye makochi, msiogope kuyachafua. Ulizeni hali za watu wote, ndipo mseme mmetumwa na mmemfuata nani.

Na ukifika mlangoni, kaka, usibishe hodi kwa ile sauti yako ya mahakamani ya kunong'ona. Bisha mpaka mimi huku nyuma nisikie, na yule mgeni wa mwisho kabisa kule sebuleni asikie.

Biubwa